Mashua ya Vyoo Viwili

Hakuwa mtu wa kunywa chai yako kabla hajaona choo chako. Ungemkaribisha vizuri, umpanguzie kiti, umwambie leo kuna mandazi ya moto, naye angesimama mlangoni na kofia mkononi akichungulia nyuma ya nyumba. Akishazunguka huko na tochi yake, jua likiwaka, ndipo ungejua kama anakaa au anaondoka. Akikaa, hiyo ilikuwa sifa. Akiondoka kimya, wewe anza kutafuta jembe.

Sote tulimwita Bwana Afya, na hata alipostaafu jina halikustaafu. Alikuwa amekagua hoteli, bucha, shule na ploti za kupangisha za Eldoret kwa muda mrefu, na ukimwona anakuja na baiskeli yake, kaptula ya kaki na soksi ndefu hadi magotini, ulijikuta unanawa mikono bila kuambiwa. Mimi nilikuwa na hoteli ndogo ya chai karibu na soko. Nyumbani kwangu ni upande wa Kapseret, na yeye akaja kununua kipande cha shamba pale pale, tukatenganishwa na ua wa michongoma. Kwa hiyo nilimpata pande zote mbili: mchana ananisumbua kazini, jioni ananiulizia ng'ombe.

Aliwahi kunifungia hoteli siku ya soko. Ebu fikiria: watu wameshaketi, maziwa yanachemka, maharagwe yameiva, na yeye anaingia, anapita hadi nyuma, anarudi na kufuli.

"Mama Chebet, shimo limejaa. Funga."

Nikamwambia wateja wangu hawali shimo, wanakula chapati. Akasema, "Inzi anakula kote kuwili." Nilimtukana siku hiyo matusi ambayo siwezi kuyarudia sasa kwa kuwa nimeokoka. Alisikiliza hadi nikaishiwa, kisha akafunga mlango. Jioni nikamwona anakuja na gambuti miguuni na sepeto mkononi. Alisimama na wachimbaji mpaka shimo likafika kina alichokitaka, na alishuka ndani mwenyewe kupima kwa kamba, mtu mzima na heshima zake. Kufuli aliitoa hoteli ilipopata choo kipya, na hapo ndipo alipokunywa chai yangu kwa mara ya kwanza. Aliisifu. Mimi nilikuwa bado na hasira, nikamwongezea sukari kidogo tu.

Inzi ndiye aliyekuwa mhubiri wake. Kila jambo alilimaliza kwa inzi. "Inzi hana kabila," aliwaambia watu wa ploti waliokuwa wakirushiana lawama. "Inzi hana dini," alimwambia mchungaji mmoja aliyedai waumini wake ni wasafi. Na mara moja, tukiwa wawili tu kwenye ua, aliniambia kwamba inzi hana kadi ya chama. Hilo alilisema kwa sauti ya chini, akatazama kushoto na kulia kwanza. Miaka hiyo ya chama kimoja hata ukisema habari ya inzi ulitazama kwanza.

Usidhani alikuwa jiwe. Alikuwa na vituko vyake. Yeye ni mtu wa Ziwa Viktoria, kwao ni kisiwani, lakini hakujua kuogelea hata kidogo, na alilisema hilo waziwazi kama mtu anayesema hapendi ndizi. Samaki wa Eldoret hakuwala. Ukimwekea omena alizisogeza pembeni ya sahani na kusema hizi zimekufa mara mbili. Alitembea na kikombe chake mwenyewe mfukoni, cha bati, na bado alikiosha kabla ya kunywa na baada ya kunywa. Na mtu huyu aliyewapeleka watoto wa shule nzima wakadungwa sindano, siku alipokatwa na mabati na kuhitaji sindano yeye, alizunguka mji mzima akitafuta vidonge. Nilimcheka hadi mbavu zikauma.

Lakini kuna jambo alilofanya ambalo halikunichekesha. Baba wa mume wangu tuliishi naye boma moja. Kwetu, kama ilivyo kwao Bwana Afya, mtu na mke wa mwanawe hawaingii choo kimoja. Si uchafu, ni heshima. Humpi mkono, hukalii kiti chake, na pale anapojisitiri wewe hufiki. Boma lilikuwa na choo kimoja. Nilipoolewa mimi, mzee akaniachia, akawa anakwenda kwenye mikaratusi kule chini. Hakuna aliyemwambia. Aliona ni haki yangu niliye mgeni.

Bwana Afya akaja kukagua, akaona njia iliyokanyagwa kuelekea kwenye mikaratusi. Akamwita mzee, na mimi nikiwa pale pale na karai la vyombo. Akamwambia, "Mzee, inzi hana mkwe. Tumia choo, au tutaonana kortini."

Mzee aliinamisha kichwa. Mimi nikakimbilia jikoni nikajifanya natafuta chumvi. Baada ya muda mfupi mzee akafunga vitu vyake akahamia kwa mwanawe mwingine, mbali, na hakurudi kuishi nasi. Nilimpenda mzee yule. Alikuwa akinikamia ng'ombe nikiwa mjamzito, asiseme kitu, aache tu ndoo mlangoni. Nilimkosa sana, na kila nilipomwona Bwana Afya akipita na baiskeli nilisema moyoni, siku moja na wewe utapata mkwe.

Basi akampata.

Kabla sijafika huko niseme habari ya mkewe, kwa sababu bila hiyo utadhani mashua aliyokuja kuijenga ilikuwa wazimu wa uzee. Mkewe alibaki kisiwani akilima na kulea. Kisiwa chenyewe ni mwamba: unachimba hadi magotini, jembe linalia. Hakuna choo cha shimo kinachowezekana. Watu wanakwenda ufukweni, na ufukwe huo huo ndio wanakoteka maji. Kipindupindu kilipopita kilimchukua, na mumewe yuko hapa Eldoret, ananifungia mimi hoteli kwa sababu ya shimo. Habari zilimfikia mazishi yamekwisha. Aliniambia hayo mara moja tu, akiwa anapandisha soksi zake, na hakunitazama.

"Nilikagua mji mzima," akasema, "na kwangu sikukagua."

Kwa hiyo alipostaafu alikuwa na jambo moja tu kichwani, na alilitaka kwa nguvu zake zote. Alitaka mashua ya tanga, yenye dawa, muuguzi na choo, izunguke visiwa na fukwe za kwao. Muuguzi atibu, yeye azungumze na wazee, na choo kiwe mfano. Hilo la choo ndilo lililokuwa moyo wa mpango. Watu wa mwambani walikuwa wakimwambia kila mara, hatuna pa kuchimba. Mashua nayo haina pa kuchimba. Ikiwa mtu anaweza kuwa na choo safi juu ya maji, bila shimo, bila kumwaga kitu ziwani, basi wa mwambani atasema nini tena?

Aliijenga hapa kwa sababu mbao ziko hapa. Alimleta fundi wa mashua kutoka ziwani, mtu mkimya aliyelalamika baridi ya Eldoret asubuhi na jioni, wakaanza kuunganisha mbao uani kwake. Wacha watu wacheke! Mashua Kapseret, mahali ambapo maji makubwa ni bwawa la kunyweshea ng'ombe. Walimwita Nuhu, wakamuuliza kama ndovu wamekata tiketi. Yeye aliwajibu kwamba Nuhu alikaa na wanyama wote wale muda mrefu, na hakuna anayeuliza kinyesi kilikwenda wapi.

Choo alikitoa kwenye banda langu la ndama. Hilo nalisema kwa majivuno. Ndama wangu nilikuwa nawatandikia vumbi la mbao, tunalichota bure kwenye kiwanda cha kupasua mbao, na sakafu ya banda imeinama kidogo ili mkojo ushuke kwenye mfereji. Siku moja Bwana Afya aliingia humo, akasimama na pua juu.

"Mama Chebet, mbona hapanuki?"

"Kwani unataka panuke?"

Akachuchumaa. Akachota vumbi la mbao kwa mkono, akalinusa. Akaniambia kinachonuka chooni si kile kigumu wala kile cha maji, ni ndoa yao. Ukiwatenganisha, na kile kigumu ukakifunika kwa kitu kikavu, kinatulia, na kikikaa muda mrefu kinarudi kuwa udongo. Alinishukuru kana kwamba nimemzalia mtoto.

Alikitengeneza kwa mkono wake. Kiti cha mbao chenye tundu. Kwa mbele, chini ya tundu, aliweka faneli kubwa ya bati, ipeleke mkojo kwenye mtungi wa plastiki uliofungwa vizuri. Kwa nyuma, sanduku la mbao lililopakwa lami ndani, na mkono wa chuma pembeni wa kugeuza vumbi la mbao kila mtu akimaliza. Bomba la hewa lilipanda kutoka kwenye sanduku hadi juu ya mashua, lina wavu wa waya kuzuia inzi na kofia ya kuzuia mawimbi. Shida kubwa ilikuwa kukikaza. Mashua ya tanga inalala upande upepo ukishika, alieleza, na choo kikilala nayo utajua hujui. Kwa hiyo alipitisha boliti ndefu hadi kwenye mbavu za mashua, akaweka vipande vya tairi katikati ili kisilie. Mtungi aliufunga kwa mkanda. Alipomaliza, alimwambia fundi wainamishe mashua kwa magogo upande mmoja, naye akaketi juu ya choo, amevaa nguo zake zote, mikono kifuani, kuona kama kitashika. Kilishika.

Kisha akakitumia. Kila asubuhi tulimwona akipanda ngazi kuingia mashuani na gazeti, na sisi tunakamua ng'ombe, tunageuza macho. Sanduku likijaa alilimwaga kwenye pipa nyuma ya nyumba, akalifunika, akaliacha. Baada ya muda mrefu alilifungua, akanionyesha udongo mweusi usio na harufu, akapanda maboga. Aliniletea boga moja kubwa ajabu. Nililipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikampa ng'ombe.

Chifu naye alikuja. Siku hizo mtu hakujenga kitu kisichoeleweka bila kuulizwa. Akaja na askari wawili, akaizunguka mashua.

"Hii meli inakwenda wapi?"

"Ziwani, Chifu."

"Kumpeleka nani?"

"Muuguzi wa wanawake na watoto, na dawa."

Chifu akafikiri. Akasema kama ni huduma ya wananchi basi ni kama ofisi, na ofisi lazima itundikwe picha ya Mtukufu Rais. Bwana Afya akasema bila shaka, Chifu, karibu ndani unionyeshe mahali. Wakapanda. Mimi nilikuwa kwenye ua na masikio yangu. Ndani ya mashua hakukuwa na ukuta isipokuwa ukuta wa choo.  Kisha nikamsikia chifu akisema haraka haraka kwamba mashua akiitazama vizuri si ofisi, ni chombo cha usafiri, na mazungumzo haya hayakuwepo. Alishuka ngazi akitokwa jasho. Bwana Afya alimsindikiza hadi barabarani kwa adabu zote, akarudi, akaketi chini nyuma ya mashua ambapo hakuna wa kumwona isipokuwa mimi, akacheka bila sauti.

Sasa muuguzi. Alitafuta mwaka mzima. Nani ataacha kazi ya mshahara akazunguke ziwani kwenye mashua ya mzee? Aliyekubali ni mmoja: mke wa mwanawe. Tulimwita Sista. Alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni kule Plateau, na mumewe, huyo mwana wa Bwana Afya, alikuwa mvuvi kisiwani, na ndiye angeshika usukani. Sista alisema amechoka kuwa na mume wa likizo. Ataacha kazi, arudi kwa mumewe, atibu watu wa kwao. Bwana Afya alifurahi siku nzima. Siku ya pili nikamwona ameketi juu ya gogo, ameshika tama.

Nilielewa kabla hajafungua mdomo. Choo ni kimoja.

Nilicheka, sitaficha. Nilisimama kwenye ua wangu nikasema kwa sauti, "Bwana Afya, inzi hana mkwe!"

Aliinamisha kichwa, vile vile kama mzee wangu alivyoinamisha, na kicheko kikanikauka. Nikamwonea huruma, na huruma hiyo ikaniudhi kuliko hasira.

Alichofanya baadaye ni kosa ambalo mzungu asingelifanya, wala mtu wa pwani, pengine. Alijenga choo cha pili. Kimoja mbele, kimoja nyuma, kila kimoja na chumba chake, mlango wake, bomba lake, mtungi wake. Alisema kimoja ni cha wanaume na kimoja cha wanawake, kama shuleni. Fundi alinung'unika, akapuuzwa. Mashua ikawa na mabomba mawili juu. Bwana Afya akapata usingizi tena, na akamwita Sista aje kuiona.

Alikuja siku yake ya mapumziko, amevaa leso kichwani, akasalimu kwa mbali bila kutoa mkono, kama inavyompasa. Bwana Afya akasimama upande wa pili wa mashua. Mimi nikawekwa katikati, kwa sababu mambo ya choo baba na mkwe hawawezi kuyazungumza mdomo kwa mdomo.

Sista akapanda, akatazama, akashuka. Akasema, "Mama Chebet, mwulize Baba, mgonjwa atalala wapi?"

Nikageuka. "Anauliza mgonjwa atalala wapi."

"Mwambie mgonjwa atakaa."

"Anasema atakaa."

"Mwulize Baba, mgonjwa wa kipindupindu anakaa?"

Nikatazama juu ya mashua, nikaona kofia tu.

"Mwulize Baba, hivi vyumba viwili ni vya nini?"

Kofia haikusogea. Ng'ombe wangu walikuwa wanalia kukamuliwa, na mimi uvumilivu si karama yangu. Nikasema, "Ala! Mimi si simu ya posta! Sista, kimoja ni chako na kimoja ni chake. Anaogopa mtakalia ubao mmoja. Amejenga heshima mahali pa kulaza mgonjwa. Nimemaliza."

Sista akatazama chini. Alikuwa mwanamke mpole lakini si mjinga. Akasema polepole, "Mwambie Baba ang'oe changu. Mimi nitavumilia mpaka tufike nchi kavu."

Hapo kofia ikasogea. "Mwambie hapana! Mtu hazuii mkojo kutwa nzima, figo zitaharibika. Nimewaona wanawake wa sokoni wanavyoumia. Nitang'oa changu. Mimi nitabaki hapa."

"Mwambie Baba akibaki, mimi siendi. Wazee wa kule watamsikiliza nani kuhusu choo, mimi? Mwanamke aliyeolewa juzi?"

Sikuhitaji kumwambia, alikuwa anasikia vizuri kuliko mimi. Alitoka nyuma ya mashua akapita mbele yetu bila kututazama, akachukua spana, akapanda ngazi. Tulimsikia akifungua boliti za choo cha mbele, kile chake, akihema. Alipokitoa nje alikiweka kwenye nyasi, akasema akiwa amenielekea mimi, "Mwambie nitakwenda. Na mimi nitavumilia."

Nikasema, "Si umesema figo—"

"Mwambie tu."

Mashua iliondoka juu ya lori, mlingoti umelazwa, bomba moja limesimama. Watu wa mjini walitoka madukani kuitazama ikipita. Wengine walipiga makofi, mtu mmoja akauliza kwa sauti kama mafuriko yametangazwa redioni. Yeye aliketi mbele na dereva, kaptula yake imepigwa pasi. Alipofika usawa wa hoteli yangu alinyanyua kikombe chake cha bati. Nilijua anakwenda kufanya ujinga, na nilijua siwezi kumzuia. Nilirudi jikoni nikalia kidogo, kisha nikaunguza mandazi.

Miaka ikapita bila habari za maana. Mtu wa kule akija sokoni alisema tu mashua ipo, inazunguka.

Nilikutana naye tena kwenye lundo la vumbi la mbao, kiwandani. Nilikuwa nimekwenda kuchota la ndama, nikamwona mzee amekonda, amevaa suruali ndefu, anajaza magunia. Sikumtambua hadi aliponiuliza, kabla ya salamu, kama choo cha hoteli bado kiko sawa.

"Bwana Afya! Si tulidhani umeliwa na mamba!"

Tukaketi juu ya magunia yake. Alikuja na lori kuchukua vumbi la mbao, akaniambia, kwa sababu fukwe kadhaa zimekubali choo kile na kule hakuna mbao za kutosha. Nikamwambia hongera. Kisha nikamuuliza nililotaka kuuliza tangu lori lile lipite.

"Ulivumilia?"

Akatazama mikono yake.

"Nilivumilia. Sikunywa kitu tangu alfajiri mpaka tufike nchi kavu. Maji kila upande, Mama Chebet, na mimi midomo imepasuka. Mkwe wangu ananiona, ananyamaza. Angesemaje? Atamwambiaje baba kunywa maji? Jioni nikishuka ufukweni nakunywa kama ng'ombe."

"Na uliwafundisha watu wasizuie mkojo."

"Niliwafundisha vizuri sana," akasema. "Kisha tukafika ufukwe mmoja, tukakuta ugonjwa. Nilizungumza na wazee kutwa nzima juani, bila maji. Nadhani niliupata hapo. Siku iliyofuata tukiwa katikati ya ziwa tumbo likanishika. Na mtu aliyekwisha kauka, kipindupindu hakimcheleweshi."

Alisema alijaribu kutambaa. Si kwenda chooni. Alitambaa kwenda kwenye ukingo wa mashua, ajitokeze nje, amalizie ziwani, mradi tu asikalie ubao ule mkwe wake akiwepo. Ziwa lile lile. Alinieleza bila kujitetea.

"Akanishika kola. Sikujua ana nguvu hivyo. Akasema, 'Baba, kwenye maji hapana.' Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia uso kwa uso, bila mtu katikati."

"Kisha?"

"Akanivuta, akanikalisha pale. Akanishika mabega nisianguke, kwa sababu upepo ulikuwa umeilaza mashua. Mwanangu akageuza uso akashika usukani. Kila kitu alikifanya yeye. Alinivua, akanisafisha, akanilaza, akaninywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko mpaka usiku. Nilitaka kufa kwa aibu, nikaona hata kufa kunataka nguvu."

Sikuwa na utani wowote. Nilimfikiria na mashavu yake yaliyoingia ndani, akilazwa na mke wa mwanawe. Nikamuuliza sasa mnaishije, mnaongea?

"Tunaongea!" Akacheka. "Ananigombeza. Kila asubuhi, kabla hatujaondoka, ananiuliza mbele ya kila mtu, mbele ya wavuvi, mbele ya wazee ninaowahubiria: 'Baba, umekunywa maji? Baba, umekwenda choo?'"

"Woi! Na wewe unamjibu?"

"Namjibu. Nikinyamaza anauliza tena kwa sauti kubwa zaidi."

Nilicheka hadi nikashika ubavu. Alinisubiri nimalize. Kisha akasema, "Mama Chebet, nimewakagua watu maisha yangu yote. Hakuna aliyewahi kunikagua mimi." Alisema hivyo akitabasamu, na machozi yakimtoka, na hakuyafuta.